Mwito wa Tatu

Hapo zamani, ila si zamani ya kusahaulika, zabuni za serikali katika wilaya moja zilitumbukizwa kwenye sanduku la bati lenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao Mzee Komba, ofisa ugavi. Kila siku ya ufunguzi, saa nne kamili asubuhi, alisimama mlangoni akaita mara tatu: "Yupo mwingine?" Aliyekuwa nje aliingia, akatumbukiza bahasha yake, ndipo kufuli likafunguliwa.

Bi Haule, fundi wa vitanda vya chuma, siku zote aliingia mwito wa tatu. Hakutaka bahasha yake ikae humo hata dakika kumi, isije ikachunguliwa na bei yake ikawafikia washindani.

Kisha ikaja amri: sanduku liondoke, zabuni zipitie kwenye kompyuta. Aneth, mtaalamu kijana aliyekuwa bado kwenye kipindi cha majaribio kazini, alikaa na Mzee Komba wiki tatu akiandika kila hatua. Zikafika sitini na moja, na kila moja mzee akaisaini. Aneth akamuuliza kama kuna nyingine. Hakuna, binti yangu, akajibiwa.

Mfumo ukawashwa. Hakukuwa tena na bahasha ya kuchungulia wala jalada la kupotea. Zabuni ya kwanza ilikuwa ya vitanda arobaini vya wodi ya wazazi. Tangazo lilisema mwisho ni saa nne kamili, na kwamba mfumo utafanya yote yaliyofanywa kwenye sanduku. Bi Haule akajaza kila kitu, akakaa na simu, kidole juu ya kitufe cha kutuma, akisubiri kuitwa. Saa nne mfumo ukajifunga kimya. Akabaki mzabuni mmoja tu, na kwa bei yake fedha zilitosha vitanda ishirini. Wazazi wangelala wawili wawili.

Bi Haule akakata rufaa. Mkurugenzi wa wilaya akawaita wote watatu: yeye, Mzee Komba na Aneth. Kosa likiwa la Bi Haule, alisema, matokeo yatabaki. Likiwa la ofisi, zabuni itarudiwa na mwenye kosa ataondoka kazini. Alitaka jina moja. Mzee Komba alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu.

"Miaka kumi na minne mlango huu umeniita," alisema Bi Haule. "Leo mzembe ni mimi?"

"Binti aliniuliza sheria, nikampa sheria," alisema Mzee Komba. "Kuita hakukuwa sheria. Kulikuwa adabu."

"Nilijenga alichosaini mzee," alisema Aneth. "Hatua sitini na moja, bila kuruka hata moja."

Mkurugenzi akashika kalamu. Akauliza kama yupo mwenye neno jingine. Akauliza tena. Alipouliza mara ya tatu, Aneth akainua mkono.

"Siku ya mwisho ya sanduku nilikuwepo. Nilimsikia mzee akiita. Nikadhani ni utani wake na watu wa nje, sikuuliza."

Mkurugenzi akawatazama wote watatu, kalamu ikiwa bado juu ya karatasi.

Haya, nyie mliosikiliza: kalamu ingekuwa yenu, jina la nani mngeliandika?