Kijana wa Mstari wa Mbele na Kilo Sita Zilizopotea

Hii imenifikia asubuhi nikiwa naosha vyombo, nikaviacha kwanza. Isome taratibu, halafu mtumie yule ndugu yako ambaye akimwona mtu mara moja tu ameshajua habari zake zote. Kila ukoo unaye, usinifiche.

Huko Marekani alikuwepo mzee mmoja, jina lake Harlan, ambaye kazi yake ilikuwa kupima vijana. Kule wana mpira wao wa kubeba mikononi, wa kofia ngumu na mabega ya kuvaa, ambao ukiutazama mara ya kwanza unadhani watu wanagombana. Vijana wanaucheza vyuoni, na kila mwaka timu za kulipwa huchagua wachache tu. Mzee Harlan alitumwa na timu moja kubwa azunguke, amtazame kijana, kisha aseme huyu anafaa au huyu akatafute kazi nyingine. Neno lake likishatoka, limetoka.

Basi akafika chuo kimoja cha Iowa, kumwangalia kijana anayeitwa Wilondja. Huyu ni Mbembe, wazazi wake watu wa Fizi, Kongo, lakini yeye alizaliwa na kukulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Baba yake alizikwa hukohuko. Mama yake ndiye aliyempeleka Marekani, kijana akiwa tayari na ndevu za kuanzia, hajawahi hata kuugusa huo mpira wao.

Kazi ya Wilondja ilikuwa ulinzi, kwenye mstari wa mbele. Unainama, mkono mmoja chini, na mbele yako kuna mwanaume mzito kama wewe. Mpira ukianza, umsukume huyo mwanaume hadi umpite, ukamkamate mrusha mpira kabla hajarusha. Ni kazi ya watu wenye miili. Asiye na kilo hana la kufanya pale.

Mzee Harlan alikuwa amemfuatilia misimu miwili na alishamsifu kwa wakubwa zake. Aliwaambia mikono ya kijana ni mifupi kidogo kwa kazi ile, na mchezo wenyewe ameujulia ukubwani, lakini anaondoka chini kabla wenzake hawajajua kwamba mpira umeanza, anasukuma kutoka kwenye nyonga, na wakimshika wawili harudi nyuma. Yalikuwa yamebaki mambo mawili tu: siku ya kupimwa mwili, na kwenda kumtembelea nyumbani kwao, maana ndivyo wanavyofanya, wanataka kujua mtu ametoka kwa nani.

Wilondja naye alikuwa na ombi moja moyoni. Mama yake alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, anasimama kutwa kwenye baridi ya kugandisha, anakata mapaja ya nguruwe, na magoti yalishaanza kumgomea. Timu ikimchukua kijana, mama anakaa. Isipomchukua, mama anaendelea kusimama. Hilo tu.

Siku ya kupimwa ikawa Alhamisi. Wapimaji wa timu mbalimbali wamejaa uwanjani. Wilondja akapanda kwenye mzani. Mzee Harlan akausoma, akamwambia ashuke, akamwambia apande tena. Kijana aliyejulikana kuwa na kilo mia thelathini na sita alikuwa na mia thelathini. Kilo sita hazipo, na hakuna anayejua zimekwenda wapi.

Wakaenda kwenye chuma, kile cha kunyanyua ukiwa umelala chali. Kijana ambaye siku zote alikinyanyua kama anayepanga maboksi dukani, leo kikamlemea katikati ya safari. Kwenye mbio alianza vizuri, kisha miguu ikamfia. Kisha kigari kizito cha chuma, kinachopima nguvu za kusukuma, alikisukuma mpaka mwisho, ndiyo, lakini alipofika aliketi chini na kuweka kichwa katikati ya magoti.

Wapimaji wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na minong'ono ikaondoka nao. Wanasema wapo vijana wanaojichoma dawa wajaze misuli, siku za kupimwa zikikaribia wanaacha ili wasikamatwe, na nyama yote inayeyuka. Ukimwona mtu amepungua kilo sita ghafla, wewe ungewaza nini?

Mzee Harlan akamfuata, akasimama mbele yake.

"Unaumwa?"

"Hapana, mzee."

"Umekuwa ukijichoma dawa za misuli?"

"Hapana, mzee. Sijawahi."

"Basi niambie kimetokea nini."

Wilondja akatazama majani. Akasema leo hakuwa na nguvu, samahani sana. Zaidi ya hapo hakutoa neno. Mzee akangoja, akachoka kungoja, akaenda zake akiwa amenuna. Alijiona mjinga kwa zile sifa zote alizozimwaga.

Nyumbani kwao hakutaka tena kwenda. Lakini alishamwahidi mama wa watu kwamba atafika jioni ile, na ahadi ni deni. Akajiambia atasimama mlangoni, aseme maneno mawili ya heshima, ageuze gari.

Kusimama mlangoni! Alikuwa hamjui Mama Wilondja. Nyumba ilikuwa imejaa akina mama wa kanisa na vitenge vyao, sufuria zimepangwa mpaka kwenye korido, na mama mwenye nyumba akamshika mzee bega, akamkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Mgeni hasimami. Mchungaji wao, Byaombe, akaomba sala ndefu, kisha chakula kikapakuliwa: bugali, ndio ugali wao, sombe ya majani ya muhogo kwa mawese, ndagala, wale dagaa wa ziwani, na nyama ya mbuzi. Yale maneno mawili ya mzee yakabaki tumboni, maana huwezi kumwambia mtu habari mbaya huku umeshika sahani yake.

Mama hakujua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo Wilondja akawa anatafsiri huku anakula. Na alikula, jamani. Sahani ya kwanza ikaisha kabla mzee hajajua ndagala analiwa na kichwa au bila kichwa. Ya pili ikaisha. Ya tatu alikuwa anakata tonge ambalo mtu wa kawaida angelihesabu kuwa chakula cha mchana.

Akina mama walicheka, wakamtania kwamba atakula mpaka sufuria. Mama yake hakucheka. Mama anaujua ulaji wa mwanawe. Mara ya mwisho kumwona anakula namna ile ilikuwa kambini, mwezi ule mgao ulipochelewa. Akaweka mwiko chini.

"Wilondja, umekula lini mara ya mwisho?"

Kijana akalirudisha tonge kwenye sahani.

"Nakuuliza mimi mama yako."

"Jumatatu, mama."

Mama Wilondja akasimama, na magoti yake yale.

"Nani alikutuma ufunge? Sisi tulifunga ili wewe ule!"

Sasa ngoja nikueleze, usipotee. Kanisa lile lote, vikongwe kwa vijana, lilikuwa limeingia kwenye maombi ya kufunga siku tatu kwa ajili ya kijana wao, apimwe vizuri. Jioni ile ndiyo walikuwa wanafungua mfungo. Na kwao ni jambo linalojulikana, kama mgonjwa anaombewa, yeye anapewa uji. Wanaoshinda njaa ni wale wanaomwombea. Mama alimpigia simu Jumatatu kumwambia kanisa zima limefunga kwa ajili yake. Kwamba yeye ale, hakusema. Nani anakumbuka kumwambia kijana wa kilo mia na thelathini na sita ale?

Simu ilimkuta Wilondja bwenini chuoni, sahani iko mbele yake. Akawafikiria wale bibi wa kanisa, walioshinda njaa wakitaja jina lake. Akaisogeza sahani pembeni. Siku tatu alikunywa maji kidogo jioni, basi, akaenda uwanjani hivyo hivyo kunyanyua chuma.

Mzee Harlan, ambaye hakuelewa neno, akaona nyuso zimebadilika. Akauliza mama anasema nini.

"Anasema niongeze mboga," akajibu Wilondja.

Mchungaji Byaombe akakohoa. Kiingereza yeye alikijua vizuri. Akamwambia mgeni kwamba, kwa heshima zote, mama hakusema habari za mboga, kisha akamsimulia yote tangu Jumatatu.

Mzee aliweka sahani chini. Kwanza alikasirika kwelikweli. Alimwambia kijana kwamba angeweza kuanguka pale na asiamke, kwamba watu wazima hawafanyi hivyo, kwamba alimuuliza uso kwa uso na hakujibu. Kwa nini hakusema?

Wilondja akajibu polepole. "Ningesema, ungemwona mama yangu mjinga. Na yeye hana kosa."

Mama alikuwa ameketi, ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge, machozi yanamtoka. Maombi yake mwenyewe yamemharibia mtoto, ndivyo alivyodhani. Hakuna aliyegusa chakula tena.

Mzee Harlan akasema amesikia visingizio vya kila aina katika kazi yake, bibi aliyekufa mara nne, mbwa mgonjwa, kitanda kibaya hotelini. Hiki ni kipya. Kinaweza kuwa kweli, kinaweza kuwa uongo mtamu kuliko yote. Hataandika chochote mpaka Jumatatu asubuhi. Jumatatu watakutana uwanjani, wawili tu na mzani. Ikiwa kilo hazijarudi na nguvu haijarudi, ataandika alichokiona Alhamisi.

Basi akina mama walivua vitenge vya ibada wakavaa vya jikoni. Kuanzia usiku ule mpaka Jumapili jioni, kijana alilishwa kama mzazi aliyetoka kujifungua. Uji asubuhi, mtori saa nne, bugali mchana, na sufuria inafuatana naye mpaka bwenini. Walipeana zamu. Aliomba wampumzishe kidogo, wakamwambia alishapumzika siku tatu.

Lakini mama yake hakulala vizuri hata siku moja. Alikuwa akijiuliza kama mwili ulioharibika unaweza kurudi kwa siku chache hivyo, na kama mzungu yule ataamini. Jumatatu alikwenda mwenyewe uwanjani, Mchungaji akimsindikiza, chupa ya uji kwapani, akasimama nje ya uzio, akashika waya kwa vidole.

Wilondja akapanda kwenye mzani. Mia thelathini na sita, na kidogo juu.

Akalala chini ya chuma, akakinyanyua, akakinyanyua, mpaka mzee aliyekuwa akihesabu akasahau namba, akasema basi, inatosha, nimeona. Akakimbia. Kigari akakisukuma akapita mstari, akaendelea, ikabidi aitwe arudi. Mama akaona mzee Harlan anavua kofia, anakaa kwenye benchi, anacheka peke yake. Hapo akaachia ule waya. Vidole vyake vilikuwa na alama.

Mzee akamwita Mchungaji amtafsirie, akamsogelea mama, akasema jambo ambalo alikuwa akiliwaza tangu ile jioni ya sombe.

"Mama, Alhamisi nilidhani nimeona udhaifu wake. Mwanao alikuwa na siku tatu hajala, na hakuacha kipimo hata kimoja. Nimewahi kuona walioshiba wakiacha kwa sababu ya kucha iliyovunjika. Leo nimepima mwili. Moyo nilishaupima Alhamisi, nikawa sijui nasoma nini."

Mama alimmiminia uji, mzee akanywa wote.

Siku ya kuchaguliwa ilipofika, nyumba ilijaa tena. Majina yakasomwa kwenye televisheni, yakasomwa, jua likazama, na simu iko mezani kimya mpaka watu wakaanza kuogopa kuitazama. Halafu ikalia. Wilondja akasema ndiyo, mzee, ndiyo, mzee, asante, mzee. Akaiweka chini, akamtazama mama yake.

Mama alielewa. Akaketi palepale sakafuni, akavua viatu vyake vya kiwandani, akanyoosha miguu, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa nayo tangu Kigoma. Mtu mmoja akapendekeza kanisa lifunge siku tatu za shukrani. Mama Wilondja akasema hapana, safari hii tutamshukuru Mungu kwa kula.

Mzee Harlan bado anapima vijana. Anazunguka na mzani wake, na wenzake wanamshangaa, maana kijana yeyote akija mbele yake, mweupe au mweusi, kabla hajapanda kwenye mzani, mzee anamshika bega na kumuuliza kwa Kiswahili chake kibovu, "Umekula?"

Funzo: Usimwandike mtu kuwa dhaifu kabla hujamuuliza amekuja na njaa gani, na wewe unayeombewa, kula, maana waliofunga kwa ajili yako walitaka ushibe.