Masanilo Aliyesimama Mahali pa Lango

Tulieni mnisikie, enyi uzao wa Itundwe, niwasimulie ya zama zile ambazo babu wa babu zenu walikuwa bado wakibebwa mgongoni; habari za Masanilo mwana wa Ng'wenda mwana wa Lubatula, Kifua cha Mwamba, Mbeba Magogo Peke Yake.

Siku hizo mji wetu ulilindwa na askari wageni, waliotoka ng'ambo ya ziwa kuja kutuamua vitani sisi na watu wa Bonde Jekundu. Walikaa miaka ishirini. Nasi kwa raha ile tukapeleka mikuki yetu yote kwa mhunzi akatufulia majembe, na vijana wakakua hawajui hata zamu ya ulinzi ni kitu gani. Msinitazame hivyo, ni babu zenu hao!

Asubuhi moja wageni wakajipanga na mizigo yao. Tukadhani ni gwaride. Wanawake wakawapigia vigelegele. Lo, vigelegele! Kumbe ndio wanakwenda zao, na lango la ukuta wa mji, la mbao za mninga, kwa kuwa walilileta wao, wakaling'oa wakaondoka nalo. Tukabaki tumeduwaa, mikono kichwani, tukilitazama pengo la upana wa ng'ombe wawili. Kabla ya adhuhuri vumbi la Bonde Jekundu likaonekana.

Masanilo akachukua mchi wa kutwangia, akasimama katika pengo lile, akatamka: "Bomoeni nyumba zenu mpate mawe. Jengeni nyuma yangu. Na asiniulize mtu nitaingilia wapi."

Akapigana siku mbili, na ukuta ukapanda nyuma yake. Ulipomfika mabegani, mkewe Kalunde akapaza sauti: "Baba Shija, ruka sasa! Ukuta unakuzidi!"

Akajibu bila kugeuka: "Nikigeuka wataingia pamoja nami, mama Shija. Weka jiwe."

Kalunde akaliweka. Jamani! Nimelisimulia hili tangu nina meno yote, na bado mwili unanisisimka: mke mwenyewe, kwa mikono yake, akamfungia mumewe nje.

Vishindo vilisikika hadi jua kutua, kisha kimya. Kesho yake adui walikuwa wamekwenda, na Masanilo hakuonekana, hai wala maiti.

Wageni hawakurudi, nasi hatukuwaita. Ila tangu siku hiyo, katika mji huu hakuna afungaye mlango wake jioni, awe mtemi awe mjane, kabla hajatoa kichwa akauliza kwa sauti: "Nani amebaki nje?" Kisha husubiri kidogo.