Kipande cha Mbazi

Mtu mmoja, jina lake Semvua, alikuwa na kijiji ambacho hakuwahi kukikanyaga. Baba yake, Mbazi, aliondoka milimani akiwa kijana kwenda bondeni kukata miwa. Huko akaoa, akazeeka, akazikwa. Semvua alizaliwa kwenye kambi za wakata miwa, na tangu utotoni watu wa kule walimwita mtu wa kuja. Alijiambia tu kwamba ana kwao, na iko siku atakwenda.

Alipotimiza miaka arobaini akapanda mlima. Shangazi yake Nakijwa, aliyebaki akitunza nyumba ya wazazi, alimpokea kwa machozi. Akampa kitanda chake mwenyewe, na majirani wakaja kumwamkia, kila mmoja akimwita mgeni wetu. Alipotaka kubeba ndoo ya maji, shangazi alimnyang'anya. Alipotaka kupasua kuni, aliambiwa apumzike, ametoka mbali. Wiki mbili zikapita hivyo, na heshima ile ikamuuma kuliko maneno yote ya kambini, maana kule alijua pa kukimbilia. Sasa angekimbilia wapi tena? Akafunga mzigo wake.

Kijiji kile kilikunywa na kumwagilia kwa mfereji mmoja tu utokao msituni. Kila mwenye kwao alikuwa na kipande chake cha kusafisha kila mwaka kabla ya kupanda. Kipande kisichosafishwa mwaka mmoja hupewa mtu mwingine, na jina la mwenyewe halitajwi tena. Asubuhi Semvua alipotoka na mzigo wake ndiyo ilikuwa siku ya kazi hiyo, akapita mferejini ili amuage shangazi. Akamkuta peke yake, matope hadi magotini, anachota udongo kwa beleshi, hali wenzake wameshamaliza na kwenda zao.

"Shangazi," akasema, "mbona wewe tu ndiye hujamaliza?"

Bibi yule akasimama, mkono kiunoni, akamtazama yeye, akautazama na mzigo. Alikuwa amechoka, na uchovu ukamfanya aseme alilolificha wiki mbili kwa adabu.

"Changu nilimaliza zamani. Hiki ni cha baba yako, nimekisafisha miaka arobaini na mitatu ili jina lenu lisifutwe, na leo wewe upo, mtu mzima na nguvu zako, umekaa ndani unangoja nani akuite?"

Kwa hasira yake alisahau kwamba ni yeye aliyemnyang'anya ndoo. Semvua hakumkumbusha. Alisimama ukingoni akilia bila kuficha, kwa sababu katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumgombeza kama anavyogombezwa mtoto wa nyumbani. Kisha akauweka mzigo kwenye majani, akavua viatu, akaingia matopeni na kulipokea beleshi mikononi mwa shangazi yake. Akachota udongo mpaka maji yakapita.

Basi ninyi ambao ndugu zenu wamerudi kutoka mbali, na mnawakirimu kila siku kwa moyo mweupe, mtawastahi mpaka lini ndipo muwaambie kwamba mlikuwa mnawahitaji?