Fimbo Kuukuu ya Bwana Mrutu

Bwana Mrutu, mwenye uwanja wa gofu, aliwakataza wanawake kucheza Jumamosi. Mmoja wao, Nakijwa, alipomlalamikia, Mrutu alicheka.

"Ukipiga mpira mbali kunishinda, binti, Jumamosi ni yenu. Fimbo zangu hizi, mpya na kuukuu. Chagua moja."

Nakijwa aliipapasa ile kuukuu, akaikumbatia. "Aisee, hii ndiyo yenyewe!"

"Lete hapa!" Mrutu akampokonya. "Wewe chukua hiyo mpya."

"Lakini mzee, si umesema nichague?"

"Kwani uwanja wa nani?"

Nakijwa alinuna, karibu alie. Mrutu akapiga, mpira ukaangukia bondeni. Wa Nakijwa ulivuka bonde.

"Sasa ile kuukuu uliililia nini?" Mrutu alifoka.

"Mimi nimezoea mpya, mzee. Ningeiomba, ungenipa?"