Migomba ya Zahanati

Fikirini, ndugu zangu, wanaume wamebeba machela wakipanda mlima kwenye utelezi, na juu yake amelala mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Hospitali iko ng'ambo ya mlima. Wanapokezana.

Mtu mmoja, Byabato, alikuwa na binti aliyempoteza mtoto wake wa kwanza kwenye njia hiyo. Binti huyo aliitwa Kemilembe. Kwa hiyo kijiji kilipokubaliana kuwa na zahanati yake, hakuna aliyefurahi kumzidi Byabato. Kila kaya ingetoa chipukizi la mgomba, lipandwe kwenye shamba la wote. Ndizi zingeuzwa ili fedha zinunue dawa na kumlipa mkunga. Na kwa kuwa mgomba ukikatwa huacha watoto shinani, shamba lingeitunza zahanati hata waliolipanda wakiwa wamekwisha kuzikwa. Mjane mmoja, Ma Nyakato, akachaguliwa kuwa mtunzaji.

Hapo moyo wa Byabato ukaingia doa. Kwa nini mjane huyo, na kwa nini alikubali upesi hivyo? Shemeji yake si ndiye anayeuza ndizi gulioni?

Kila mkulima wa migomba anajua kwamba chipukizi lenye majani membamba kama upanga ndilo huzaa mkungu wa maana. Lile la majani mapana hupendeza macho tu. Byabato akang'oa la majani mapana, akalipeleka kwenye shamba la wote. Kama ni watu wa kula vya wote, alimwambia mkewe, na wale hilo. Machipukizi mazuri ya wenzake yangelifunika lake.

Tangu siku hiyo akawa mlinzi asiyetumwa na mtu. Alipita kando ya shamba akienda kanisani na akirudi. Alichungulia kikapu cha Ma Nyakato, hata watoto wakamcheka kwamba bwana mkaguzi amefika. Hakuona kitu, na kule kutoona kitu kukamzidishia shaka.

Migomba ilipozaa, mikungu ilikuwa midogo ya kusikitisha. Kabati la dawa likabaki tupu. Mkunga akafunga mlango wa zahanati, akaenda zake. Kemilembe alikuwa na mimba tena, karibu kujifungua. Byabato akasimama mkutanoni, akasema shamba limeibiwa. Wengi wakaguna kukubali. Wengine wakaongeza kwamba wao walimshuku yule mama tangu mwanzo.

Ma Nyakato hakujitetea. Alisema kwa heshima, "Sawa, Ta Byabato. Twende tukague mgomba mmoja mmoja. Tuanze na wako. Ni upi?"

Byabato akawageukia majirani wamsaidie, akaona kila mmoja anatazama miguu yake mwenyewe. Ndipo alipoelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyepeleka shambani chipukizi la majani membamba.

Wiki ile ile Kemilembe alipandishwa mlima. Alirudi hai, bila mtoto.

Siku aliyorudi, baba yake alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mgomba wake bora kuliko yote, akang'oa chipukizi jembamba, akalipeleka kwenye shamba la wote. Majirani walimchungulia kutoka viamboni mwao, wakaulizana ana njama gani.

Nanyi mtakapoombwa kutoa kwa ajili ya wote, nawasihi mkumbuke jambo moja tu: kabla hujamchunguza mtunzaji, tazama kwanza ulichompa akitunze.