Nyimbo za Bibi Mwanakombo

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana kompyuta zilikwishaingia majumbani, palikuwa na mwanamke wa Muheza aitwaye Mwanakheri. Alimrekodi bibi yake, Mwanakombo, akiimba nyimbo za kubembelezea watoto, apate kuzitengenezea filamu. Bibi akafariki filamu haijakamilika.

Ikafika siku ya mwisho ya kuituma kwenye tamasha la filamu. Ilibaki kompyuta iunganishe vipande vyote viwe filamu moja. Lakini ilikuwa kuukuu, inajikokota. Kwa mwendo ule, muda ungepita.

Mumewe, Mbwana, akasema, "Prosesa hii, ubongo wa kompyuta, ina uwezo zaidi ya kasi iliyopangiwa. Niache niiongeze."

Bi Saumu, mama yake Mwanakheri, akamzuia. "Baba, kabla hujagusa, ninakilieni kila kitu kwenye flashi. Mama yangu akipotelea humo, sitamsikia tena."

Mbwana aliona wanapoteza muda, lakini mkwe hapingwi. Wakanakili, na Bi Saumu akaifunga flashi kwenye pindo la kanga.

Mbwana akaingia kwenye mipangilio. Akapandisha kasi ya prosesa, akapandisha na ya memori, inayoshika data wakati wa kazi. Kazi ikaenda mbio, Mwanakheri akaanza kutabasamu. Ghafla kioo kikawa cheusi. Wakaiwasha, ikazima. Wakaiwasha tena, ikawaka, lakini faili za filamu zimeharibika, hazifunguki. Mwanakheri akakaa sakafuni.

Zuhura, dada yake Mbwana, akasogea. "Kaka, prosesa inahimili. Uliyoizidishia ni memori, ndiyo inayochanganya mambo." Akairudisha memori kwenye kasi yake ya mwanzo, kisha akaipandisha kidogo kidogo, kila hatua akiijaribu. Mbwana akamhimiza aharakishe. Zuhura akaendelea hatua kwa hatua. Ilipotulia, Bi Saumu akafungua pindo, akatoa flashi, wakarudisha vipande vyote na kazi ikaanza upya.

Filamu ikakamilika na kutumwa kabla ya adhana ya magharibi. Mwanakheri akaifungua waitazame. Bibi akaimba mwanzo hadi mwisho. Bi Saumu akashusha pumzi ndefu, akasema, "Alhamdulillahi. Yupo." Mwanakheri akalia na kucheka kwa pamoja, akawashika mikono wote watatu.

Baadaye tamasha likamwalika, yeye na mtu mmoja tu wa kufuatana naye.

Mbwana akasema, "Mke wangu, bila kasi niliyoongeza, tungechelewa."

Zuhura akasema, "Wifi, kasi ile ndiyo iliyoiharibu filamu. Mimi ndiye niliyeituliza kompyuta hata ikamaliza."

Bi Saumu akasema, "Mwanangu, mimi kompyuta siijui. Lakini mngeituliza ili imalize kitu gani, kama sauti ya mama ingekuwa imepotea?"

Mwanakheri akawatazama mmoja mmoja. Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja alimpenda.

Haya, wenzangu mliosikiliza: mngekuwa nyinyi, mngefuatana na nani?