Jina Lililotoka Taita

Huko milimani Upare, wapendwa, kulikuwa na mzee mmoja aliyeshika daftari la ukoo wake kwa miaka thelathini. Alikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na ukarani haukumtoka. Neno haliingii daftarini mpaka alisikie kwa watu wawili, tena watu wasiokaa nyumba moja. Ukimwambia babu fulani alizaliwa wakati wa mvua za vuli, atakuuliza, "Na nani mwingine anajua?" Wanawe walimcheka, lakini siku ya msiba, wasifu wa marehemu ukitakiwa, wote walikimbilia kwake.

Sasa ndani ya daftari lile kulikuwa na jambo moja lililomkera. Wanawake wa ukoo ule ni akina Nakaniwa, akina Nakiete, akina Namvumo, majina ya Kipare yasiyo na shida. Lakini kila kizazi kilikuwa na binti mmoja aitwaye Mghoi, na Mghoi ni jina la Kitaita. Limeingiaje? Baba yake hakujua. Baba zake wadogo hawakujua.

Ikawa dada yake, Mghoi wa mwisho, akafariki. Mwezi uleule mke wa mwana wa mzee akajifungua mtoto wa kike. Mke wa mzee akampakata yule mtoto, akasema kama walivyozoea kusema nyumba ile, "Mghoi amerudi."

"Hajarudi mtu," mzee akasema. "Jina hilo si letu. Limeokotwa mahali."

"Baba Eliamini! Udongo wa kaburi la dada yako haujakauka, nawe unataka kumfuta?"

"Simfuti yeye. Nasafisha daftari. Zimebaki wiki tatu kabla ya ubatizo. Nikikuta jina ni letu, mtoto apewe. Nikikuta ni la mgeni, lisitajwe tena nyumba hii."

Mama wa mtoto akageukia ukutani, akalia. Marehemu ndiye aliyempokea siku ya kwanza alipoletwa pale bibi harusi. Lakini mkwe atamjibu nini baba mkwe?

Mzee akaenda kijiji cha pili kwa shangazi yake, binti wa mwisho wa babu yake. Akamkuta jikoni akichambua maharage.

"Karani!" shangazi akasema. "Miaka yote unapita hapa na daftari kwapani ukienda kuwauliza wanaume. Leo wamekwisha kufa, ndiyo umekumbuka kwamba na mimi nina mdomo?"

Mzee akainamisha kichwa. Ilikuwa kweli. Hakuwahi kumuuliza mwanamke hata mmoja.

Shangazi akamweleza. Yule babu wa mzee, yaani baba yake shangazi, alizaliwa katika njaa kubwa, na mama yake akafa palepale uzazini. Nyumba nzima hapakuwa na mwanamke mwenye maziwa. Siku ya pili wakapita Wataita waliokuwa wakitafuta chakula. Kati yao alikuwamo mwanamke aliyekuwa amemzika mtoto wake njiani. Akasikia kichanga kinalia. Akaingia bila kukaribishwa, akaketi, akampa ziwa. Wenzake wakamngoja, wakachoka, wakaenda zao. Yeye akabaki miaka miwili, mpaka mtoto akaweza kula makande kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo akaaga, akarudi kwao. Aliitwa Mghoi.

"Kwa hiyo alikuwa mgeni," mzee akasema polepole.

"Mgeni kabisa. Andika hivyo."

Basi, si ameshinda? Alilokuwa akilidai limethibitika. Wangapi kati yetu tungefunga daftari hapohapo, tukarudi nyumbani na ushindi wetu? Lakini mzee huyu hakuandika. Alikuwa na shahidi mmoja tu. Akapanda basi, akavuka mpaka wa nchi pale Taveta, akauliza na kuuliza, hadi akafika kwa watu wa ukoo wa yule mwanamke. Akapokewa na mzee mwenzake, akapewa kiti na uji.

"Mghoi wa mwaka wa njaa?" mwenyeji akasema. "Nilimsikia kwa mama yangu. Alirudi kutoka Upare peke yake. Hakuolewa tena, hakuzaa tena. Kwetu jina hulichukua mjukuu, naye hakuwa na mjukuu, kwa hiyo jina lake hatukumpa mtu. Nikifa mimi, hapa hakuna atakayejua kwamba aliishi." Akamtazama mgeni wake. "Lakini wewe umetoka mbali. Unamuuliza kama nani wake?"

Wapendwa, mzee aliyejua nasaba ya kila mtu akaweka uji wake chini. Akasema, "Mimi ni mjukuu wa mwanawe."

Yule mwenyeji akasimama, akaita ndani kwa nguvu, "Mama Wakesho! Njoo, njoo uone! Kumbe Mghoi aliacha watu!"

Jumapili ya ubatizo, mchungaji alipouliza jina la mtoto, aliyejibu kabla ya wazazi ni babu yake, na alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

Ndugu zangu, sisi tunapenda kuhesabu baba zetu. Tunafanya vyema, tusiache. Lakini kati ya baba mmoja na mwingine yupo mtu aliyeingia bila kukaribishwa, akatushika tusife. Yupo jirani aliyemlea mama yako. Yupo mwalimu aliyemrudisha baba yako shule. Hawamo daftarini kwa sababu hatukuuliza, au tuliuliza tukaona aibu ya kulishwa na mgeni. Na Mungu alipotaka tuwepo hapa leo, aliwatuma haohao.

Kwa hiyo kabla hatujaomba, sitataja majina mimi. Kila mmoja amtaje wake, kwa sauti, amshukuru Mungu kwa ajili yake. Mama hapo mbele, anza wewe.